Betri Nne za Kuazima

Hakuwa na shahada. Hakuwa na kompyuta, wala hakujua kuwasha ya mwenzake. Hakuwa na goti la kulia la kutegemewa, na meno mawili ya mbele yalikwisha kumuaga. Hakuwa na mke tena, Mungu amrehemu, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kubishana naye asubuhi juu ya chai iliyopoa. Hakuwa na subira hata chembe na mtu anayeacha bisibisi sakafuni. Na tangu astaafu, hakuwa na mahali popote ambapo, asipofika, kuna mtu angeuliza: "Huyu mzee leo kapatwa na nini?"

Alichokuwa nacho ni miaka thelathini na moja ya kutunza stoo ya vifaa katika karakana ya mabasi. Kulikuwa na dirisha dogo lenye nondo, yeye ndani, mafundi nje. Siku ya kwanza alipokea spana mia nne na kumi na mbili. Siku aliyokabidhi funguo, spana zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Cheti chake cha utunzaji wa bohari, alichokisomea jioni kwa miaka miwili huku mchana yuko kazini, kilitundikwa sebuleni juu ya televisheni, mgeni asipate pa kukikwepa. Watu walimwita Babu Stoo, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

Alhamisi moja mjukuu wake aliingia, akatupa mkoba kwenye kochi, akajitupa na yeye.

"Babu, sisi tumekwisha."

"Nani kafa?"

"Roboti."

Babu Stoo akapunguza sauti ya redio. Alijua kwamba mjukuu huyo ndiye kapteni wa timu ya roboti shuleni kwao, na kwamba roboti yenyewe ni kigari cha magurudumu manne chenye mkono mmoja wa chuma. Kigari hicho kilitakiwa kifuate mstari mweusi sakafuni, kiparamie kilima cha mbao, kiokote maboksi matatu na kurudi kilikotoka bila kuguswa na mtu. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

"Kimekufaje?"

Kapteni akaeleza. Roboti ilikuwa inavuta kushoto. Jumanne, wakati wa mapumziko, kijana wa magurudumu, ambaye wenzake walimwita Tairi, aligundua kwamba gurudumu la kushoto limebana, akalilegeza. Akafanya vizuri kabisa. Jumatano, kijana wa programu, ambaye walimwita Profesa kwa sababu ya miwani na maringo, bila kujua habari za Tairi, aliiamuru kompyuta ilizungushe gurudumu la kushoto kwa nguvu zaidi. Naye akafanya vizuri kabisa. Alhamisi, Mwalimu Mkuu akaja na wageni wawili. Roboti ikaondoka kwa mbwembwe, ikakata kulia, ikaacha mstari, ikampanda mgeni mmoja kwenye kiatu.

"Watu wawili wametibu ugonjwa mmoja," akasema Kapteni, "na mgonjwa kafa kwa dawa."

Babu Stoo akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauona uso wa mjukuu wake, akanyamaza.

Tairi alimlaumu Profesa, Profesa akamlaumu Tairi, na walipochoka wakapatana, wote wawili wakamgeukia Waya. Huyo alikuwa binti mpole aliyeshughulika na nyaya na betri, na kosa lake kubwa lilikuwa kutojua kujitetea. Waya akachukua mkoba wake akaenda zake. Hapo awali timu ilikuwa na watu tisa, na sasa, ukimhesabu Waya, walibaki wanne. Mwalimu wa fizikia aliyewaanzishia alikuwa amehamishwa. Mwalimu Mkuu naye, baada ya kuwaomba radhi wageni, alisema neno lake bila kuzunguka: mashindano ya shule yako wiki sita mbele. Roboti ikimaliza njia yote, hata mara moja tu, timu itabaki na chumba chake. Isipomaliza, timu inavunjwa na chumba kinarudishiwa viti vibovu. Na kuanzia sasa hawaruhusiwi kukaa mle bila mtu mzima.

"Mimi sijui roboti," akasema Babu Stoo.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Babu. Wanaojua roboti tunao. Wamegombana wote."

Jumatatu Babu Stoo alivaa koti lake la kazi la bluu, akalipiga pasi hadi mikunjo ikasimama, akaenda.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, jirani na vyoo vya walimu. Alisimama mlangoni, na moyo ukamwenda mbio kama wa mtu aliyekuta wezi wamepita. Skrubu zilikuwa ndani ya kikombe cha chai, pamoja na chai. Koleo lilikuwa dirishani likishikilia pazia. Nyaya zilikuwa zimefungamana kama nywele za mtoto aliyegoma kuchanwa. Katikati ya meza, roboti ililala ubavu.

"Shikamoo, Babu," wakasema Tairi na Profesa.

"Marahaba. Nani aliigusa hii mara ya mwisho?"

Tairi akamnyooshea kidole Profesa. Profesa akamnyooshea Tairi. Kapteni akatazama dari.

"Na aliifanya nini?"

Sasa wote watatu wakatazama dari.

"Vizuri," akasema Babu Stoo. "Hakuna asiyejua kazi hapa. Isipokuwa hakuna anayejua kazi ya mwenzake."

Kesho yake alirudi na mkasi wa bati na mifuniko ya makopo ya rangi. Alikata vibati vya duara, akavitoboa, akavikwaruza makali mpaka vikawa laini, akagonga juu ya kila kimoja namba ya mtu. Kisha akachora roboti kwenye ubao, kubwa, na kwenye kila sehemu akapigilia msumari: magurudumu, mkono, nyaya, betri. Kule karakana, fundi hakupewa spana mpaka atundike kibati chake mahali ilipotoka. Hapa, alisema, mtu hagusi sehemu yoyote mpaka atundike kibati chake kwenye sehemu hiyo. Kikiwapo cha mwenzako, mikono mfukoni. Na kabla hujakiondoa, unaandika kwenye daftari mstari mmoja: ulichokikuta, ulichokifanya.

"Babu, hii ni roboti," akasema Tairi. "Si basi."

"Basi halijawahi kumpanda mgeni wangu kwenye kiatu."

Kapteni alicheka mpaka akashika meza. Profesa, aliyekuwa amekunja mikono, akaiweka sawa miwani yake. "Programu haishikiki, Babu. Nitundike wapi?"

"Unaibadilisha?"

"Ndiyo, kila siku."

"Basi unaigusa." Na akapigilia msumari wa tano.

Lilibaki suala la Waya. Babu Stoo hakwenda kumbembeleza. Alimwandikia kipande cha karatasi, akampa Kapteni apeleke: *Kibati namba nne kimekosa mwenyewe. Msumari wa betri uko wazi na hakuna anayethubutu kuugusa.* Siku mbili baadaye binti aliingia bila kusalimia mtu isipokuwa mzee, akatundika kibati chake, akaanza kuchambua nyaya. Hakuna aliyemwomba radhi siku ile. Radhi zilikuja wiki ya tatu. Roboti ilizimika ghafla, na Profesa akafungua mdomo kusema ni nyaya. Lakini daftari lilikuwepo. Mstari wa mwisho wa nyaya ulikuwa wa Jumatatu, na baada ya hapo roboti ilitembea siku mbili salama. Mstari wa mwisho wa mkono ulikuwa wa Tairi, wa asubuhi ileile. Wakafungua mkono, wakakuta nati moja imedondoka, imegusisha nyaya mbili.

Tairi akajikuna kichwa. "Waya, dada yangu, nisamehe. Na ile ya siku ile ya kiatu, pia nisamehe."

"Na mimi," akasema Profesa, akiangalia pembeni.

"Mmechelewa wiki tatu," akasema Waya. Lakini alikuwa anatabasamu, na kuanzia siku hiyo aliwasalimia wote.

Mambo yakashika njia. Si kwamba hawakugombana. Waligombana sana, ila sasa waligombania jambo linalojulikana. Babu Stoo alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akihesabu skrubu na kuzigawa kwenye visanduku. Wakichelewa alikuwa nao. Wakikata tamaa aliwasimulia habari za dereva aliyekabidhi basi akasahau abiria ndani. Siku goti lilipomzidia asifike, Tairi alipita nyumbani kwake na chupa ya maji ya moto na swali moja: "Babu, leo umepatwa na nini?" Mzee alijifanya kukasirika. Alipofunga mlango, alikaa kitandani kitambo akiwa na chupa ile ya maji mikononi.

Siku moja kabla ya mashindano, mchana, timu ilikwenda kupokea fulana kwa Mwalimu Mkuu. Babu Stoo akabaki peke yake. Akapitisha macho chumba kizima, akaridhika, isipokuwa jambo moja. Juu ya meza ya Waya kulikuwa na betri nane zimelala ovyo, nne huku, nne kule, nyingine zimepinduka. Timu inakwenda mbele za watu na betri zimelala kama walevi! Akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazipanga ndani ya kisanduku safu moja, vichwa upande mmoja, zikapendeza kama askari kwenye gwaride. Akafunga kifuniko, akajipongeza.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa mkubwa, wenye taa nyingi na mwangwi. Shule zilikuwa kumi na moja. Kila timu ilikuwa na meza yake na nafasi tatu za kupita uwanjani. Mwalimu Mkuu alikuja, akakaa safu ya pili, mkoba mapajani.

Nafasi ya kwanza, roboti iliondoka vizuri, ikafuata mstari, ikafika chini ya kilima, ikasinzia. Hawakuamini macho yao. Waya akatoa betri nne, akachukua nne nyingine kisandukuni. Nafasi ya pili haikufika hata kwenye kilima.

"Dakika ishirini," akasema mwamuzi. "Halafu nafasi yenu ya mwisho."

Walirudi mezani nyuso zimewashuka. Profesa akamgeukia Waya. "Si ulisema umezichaji?"

"Nimechaji nne. Nikaziweka kushoto mwa meza. Zilizokwisha nikaziweka kulia." Akalisogeza daftari mbele yao. "Nimeandika. Angalieni."

Kapteni akafungua daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Waya, kwa mwandiko wake mdogo: *Betri nne tayari, kushoto. Nne bado, kulia.* Chini yake hapakuwa na kitu.

"Hakuna mtu mwingine aliyeandika," akasema Profesa, taratibu.

Babu Stoo alisimama nyuma yao. Alielewa kabla yao. Hakuna aliyemwona. Daftari halikumtaja. Katika miaka thelathini na moja hapakuwa na karatasi hata moja yenye kosa na sahihi yake chini, na hata sasa isingekuwepo, kama angekaa kimya. Akamtazama Waya. Binti alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake, vilevile kama ile siku ya kiatu walivyomsimulia.

"Ni mimi," akasema.

Wakageuka wote.

"Nilizipanga. Nilizikuta zimelala ovyo, nikaona aibu, nikazipanga. Nimezichanganya. Waya hana kosa lolote."

"Babu," akasema Kapteni, na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaka kujua kweli, "kibati chako kilikuwa wapi?"

"Sina. Nilikata vya kwenu. Changu sikukata."

Kisha Tairi akaanza kutikisika mabega, na ikabainika kwamba ni kicheko, na akajaribu kukizuia akashindwa. "Askari kawa mwizi!" akasema, na hata Waya, machozi yakiwa bado jichoni, akacheka.

"Mtacheka kesho," akasema Babu Stoo. "Tutazijuaje zilizojaa?"

"Kwa kipimo cha umeme," akasema Waya. "Kimebaki shuleni."

Mzee akapiga moyo konde. Hakuwahi kuazima kitu maishani mwake bila hati, na ndiye aliyekuwa akiwafukuza dirishani waliokuja bila hati. Sasa alivuka ukumbi na goti lake hadi meza ya jirani, ya timu yenye fulana za njano. Hao ndio waliokuwa wakitajwa na kila mtu kwamba wanaweza kushinda. Kapteni wao alikuwa msichana mrefu mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Wanangu, nimekuja kuomba. Mnacho kipimo cha umeme?"

"Hatuna, Babu. Chetu kiliungua. Kwani kuna nini?"

Akamweleza. Hakuficha kitu. Alisema "nimeharibu" mara mbili.

Msichana akainama chini ya meza, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa utepe. "Betri zenu na zetu ni aina moja. Chukueni hizi nne. Zimejaa."

"We dada!" mwenzake akamvuta fulana. "Hizo ndizo akiba yetu. Hatujapita mara ya tatu. Zetu zikizima je?"

"Zikizima, utaisukuma wewe kwa kupuliza. Una mapafu ya bure."

"Ngoja niwaandikie hati," akasema Babu Stoo, akipapasa mfuko wa koti.

"Babu, mna dakika ngapi?"

"Saba."

"Basi kimbia. Hati baadaye."

Alikimbia. Waliomwona wanasema alikimbia, ingawa goti lake lilisema vinginevyo jioni yake.

Nafasi ya tatu, Waya aliziweka betri kwa mikono yake mwenyewe na hakuna mtu mwingine aliyesogea. Roboti ikaondoka. Ikafuata mstari, ikakata kona ya kwanza, ikafika kilimani. Hapo gurudumu la mbele likateleza, na Tairi akashika kichwa kwa mikono miwili. Ikateleza tena. Ikashika. Ikapanda, ikashuka upande wa pili, ikaokota boksi la kwanza, la pili, na la tatu ikaligusa pembeni likayumba kabla halijakubali kukamatwa. Profesa alikuwa akisema namba kwa sauti ndogo, midomo inacheza, kama anaiombea. Ilipovuka mstari wa mwisho zilibaki sekunde nne za muda waliopewa.

Walikuwa wa saba kati ya kumi na moja. Ungewaona wanavyorukaruka ungedhani wamechukua dunia. Kapteni alimkumbatia babu yake kiunoni, Tairi akamkumbatia Kapteni, na mzee akawa anapigania pumzi katikati. Mwalimu Mkuu akaja na mkoba wake, akasimama mpaka wakatulia.

"Nimeona," akasema. "Imemaliza. Viti vitatafuta chumba kingine." Kisha akamgeukia Babu Stoo. "Na wewe, mzee, Jumatatu uje. Usiniachie hawa peke yao."

"Nitakuja, Mwalimu," akasema mzee.

Timu ya njano ilimaliza ya pili, kwa betri zake zilezile, bila akiba. Waliitwa kupanda basi lao mara baada ya hapo, na Babu Stoo alipofika mlangoni na kifurushi mkononi, basi lilikuwa limeshapinda kona.

Jumatatu, saa nane, Waya alizichaji zile betri nne mpaka zikajaa, akazifunga kwenye karatasi ngumu. Babu Stoo alikuwa amekwisha kuweka mezani karatasi safi, bahasha na kalamu ya wino.

"Babu, tuwatumie ujumbe kwa simu tu," akasema Tairi. "Namba ya shule yao ninayo. Dakika moja imekwisha."

"Asante ya jambo kama hili haiandikwi kwa kidole gumba."

Aliandika rasimu tatu. Ya kwanza Profesa alisema ni ndefu. Ya pili Kapteni alisema inafanana na tangazo la msiba. Ya tatu akawasomea kwa sauti, miwani puani:

*"Kwa kapteni na timu ya fulana za njano. Pamoja na barua hii mtapokea betri zenu nne, zimejaa. Zetu siku ile hazikuharibiwa na kiwanda wala na mwanafunzi yeyote. Nilizichanganya mimi, kwa kupenda unadhifu bila kuuliza mwenye kazi. Mngeweza kutuambia kila mtu abebe mzigo wake, nasi tusingewalaumu. Mlitupa akiba yenu wakati ninyi wenyewe mlikuwa bado hamjamaliza. Kwa sababu hiyo timu yetu haikuvunjwa, na hivi ninavyoandika chumba hiki kina kelele nyingi mno. Nimefanya kazi ya vifaa maisha yangu yote, na sijapata kupokea kifaa kilichotolewa kwa roho safi kama hivyo. Mkipungukiwa na chochote, hata skrubu moja, tuandikieni. Tutawapa bila hati."*

Tairi alichukua kalamu, akawa wa kwanza kutia sahihi. Wakafuata Waya, Kapteni na Profesa, ambaye sahihi yake ilichukua nusu ya ukurasa. Mwisho Babu Stoo akaandika jina lake kamili, na chini yake: *mtunza stoo mstaafu, aliyechanganya betri.*

"Si lazima uandike hivyo, Babu," akasema Waya polepole.

"Lazima. Nataka wajue wanashukuriwa na nani."

Waya akapaka gundi ukingo wa bahasha, Kapteni akaukandamiza kwa ngumi pande zote, na wote watano wakaongozana posta. Karani akaligeuzageuza furushi.

"Ndani kuna nini?"

"Betri nne na shukrani," akasema mzee.

"Shukrani hazina nafasi kwenye fomu hii, baba."

"Basi andika betri."

Karani akaandika. Akagonga muhuri kwenye furushi, akagonga mwingine kwenye bahasha, akaviweka vyote viwili ndani ya gunia la barua nyuma yake, akaita: "Anayefuata!"